Mwenye Shughuli Hajafika

Kiatu cha barafu hakinolewi kama panga. Panga lina makali upande mmoja. Kiatu cha barafu kina chuma chini yake, na chuma hicho kina makali pande zote mbili, na katikati pana mfereji mwembamba ambao huuoni vizuri lakini ukipitisha ukucha unausikia. Ukimaliza kunoa unalaza sarafu ya baisa hamsini juu ya chuma, unafumba jicho moja na kuitazama. Sarafu ikiinama, mchezaji naye atainama upande huo huo, kisha atakuja kukuuliza.

Kazi hii niliipata kwa bahati. Nilikuja Maskati kufanya kazi ya nyumbani kwa Bi Mahfoudha, hapa Ansab. Wiki ya kwanza nilinoa visu vyake vyote, kwa sababu baba yangu kule Ndaragwa alikuwa akinoa mikasi ya kukatia manyoya ya kondoo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimzungushia jiwe. Mwanawe Bi Mahfoudha, Bwana Badr, alikuwa na timu ya hoki ya barafuni. Siku moja mnoaji wake alirudi kwao Slovakia bila kuaga, na wachezaji wakaanza kuanguka ovyo. Bwana Badr akaja jikoni kwa mama yake na jozi moja ya viatu ndani ya mfuko wa plastiki, akaniuliza kama ningeweza. Nikasema nitajaribu.

Tangu hapo asubuhi nabaki na Bi Mahfoudha, namsaidia kwa simu yake na dawa ya kuchua magoti, na mchana naenda uwanjani. Kibali changu cha kazi kilibadilishwa, kikaandikwa fundi. Neno hilo nililisoma mara nyingi kabla ya kukiweka kile kibali kabatini.

Timu inaitwa Mbuzi wa Jabali, kwa ajili ya yule mbuzi mwitu wa milima ya huku, ambaye haanguki hata kwenye ukingo wa mwamba. Wapinzani walilifurahia sana jina hilo. Kila tulipofungwa walitulilia mee kutoka upande wao, na tulikuwa tukifungwa mara kwa mara.

Msimu ule Ligi ya Ghuba ilikuwa imejiongeza. Ilikuwa na timu sita, ikataka nane, na hizo nafasi mbili ikaziuza. Bwana Badr alinunua moja. Mimi nilikuwa nadhani timu ni watu wa mahali fulani, kama vile kwaya ni ya kanisa fulani. Philip ndiye aliyenifungua macho. Philip ni Mkenya mwenzangu, anaendesha ile mashine kubwa inayokwangua barafu na kuimwagia maji mapya kila vipindi vinapopishana. Aliniambia kinachonunuliwa ni ruhusa ya kucheza, na ruhusa inaweza kuhama.

"Chukulia ni kioski," alisema. "Hununui mabati, unanunua leseni. Ukikosa wateja Ruiru, unabeba leseni yako unaenda Juja. Hata rangi unapaka ingine."

"Na wateja wa Ruiru?"

"Si ndio nakwambia hawakuwa."

Hapo ndipo palipokuwa na shida yetu. Uwanja una viti elfu moja na mia mbili, na siku njema walikaa watu mia tatu. Wengi walikuwa Wakanada wanaofanya kazi kwenye mafuta, na Wafilipino waliopenda baridi. Watu wa Maskati wenyewe walipita nje na magari yao wakienda madukani. Kisha akaja Bwana Koskela, Mfini mwenye koti la bluu, mtu wa ligi anayezisimamia timu mpya. Hakuwa mkali. Alikunywa kahawa, akala haluwa, akamweleza Bwana Badr kwamba kuna tajiri mmoja Manama ambaye amekwisha kujenga uwanja wake wa barafu na hana timu ya kuweka ndani. Sisi tuna timu na hatuna watu. Ligi haiwezi kuonyesha viti vitupu kwenye televisheni msimu wa pili. Basi siku ya mechi yetu ya mwisho ya nyumbani, kipindi cha tatu kikianza, yeye atahesabu vichwa. Wakifika mia nane, timu inabaki. Wasipofika, ligi itaihamisha, na Bwana Badr atarudishiwa sehemu ya alichotoa. Tiketi ziuzwe au zigawiwe bure, hilo halikumhusu, alichotaka ni watu waliokaa.

Nilikuwa nyuma ya mashine yangu nikiyasikia hayo. Timu ikihama, wachezaji wangehama nayo, na mashine ya kunoa pia, kwa kuwa ni mali ya timu. Mimi nisingehama. Manama walikuwa na mnoaji wao mwenye cheti. Ningerudi jikoni kwa Bi Mahfoudha, na jiko lake si baya, lakini hakuna mtu anayekuja jikoni akasema, Shiro, leo nimekimbia vizuri kwa sababu yako. Thabit, nahodha wetu, alikuwa akiniambia hivyo karibu kila Ijumaa.

Bwana Badr hakukaa kimya. Aliweka bango kubwa kwenye barabara ya Bawshar, na mbuzi aliyeshika gongo. Alitangaza redioni. Alimleta kijana mmoja maarufu wa mtandaoni, akavaa viatu, akaanguka mara saba akipigwa picha. Watu laki mbili walimwona akianguka. Mechi iliyofuata walikuja mia mbili na themanini.

Bwana Badr alikuwa amekataza mama yake asiambiwe, kwa ajili ya presha. Lakini Bi Mahfoudha haambiwi mambo, huyafikia mwenyewe. Asubuhi moja nilipokuwa nikimchua magoti aliniuliza nina nini, kwani chai nimeitia chumvi na mchuzi wa jana nilikuwa nimeutia sukari. Nikasema sina kitu. Akavuta mguu wake kutoka mikononi mwangu, akasema basi hachuliwi mpaka aelezwe. Nikamweleza yote, toka nafasi zilizouzwa mpaka tajiri wa Manama.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Na hao watu, nani kawaalika?"

Nikamwambia kuna bango.

"Bango." Alilitamka kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Mie nna miaka sabini na mbili, Shiro. Bango linambie njoo, mie n'ende? Bango lilikuja kunipa pole alipokufa mume wangu?"

"Kuna redio pia, Bibi."

"Redio nayo haikuja."

Hapo ni lazima nieleze Bi Mahfoudha ni mtu wa namna gani. Alitoka Unguja akiwa msichana, na tangu alipofika Maskati hajapitwa na shughuli. Arusi, arubaini, mtoto kutolewa nje, mtu karudi Makka, mtu kavunjika mguu, yeye yupo, na haendi mikono mitupu. Nimefuatana naye hadi nyumba za Maskati ya zamani ambako hakuna maegesho na tumepanda ngazi kwa magoti yale. Karibu kila mwanamke wa jamaa za Unguja katika mji huu amewahi kufungua mlango siku ya furaha au ya msiba akamkuta Bi Mahfoudha amesimama na sinia. Na wote wanajua kwamba anakumbuka nani alikuja kwake na nani hakuja.

Aliniambia nilete simu. Kazi yangu ni kubonyeza, yeye ni kusema, kwa sababu vidole vyake havikubaliani na kioo. Alianza na kikundi cha kisomo cha Jumatatu, akaja kwa wale aliosoma nao Unguja, kisha majirani wa Ansab, kisha jamaa wa Bawshar, na mwisho kile kikundi ambacho ni cha kupeana habari za misiba tu. Hicho alikiomba radhi kwanza. Maneno yalikuwa yale yale kila mahali.

"Assalaam alaykum. Ni mie Mahfoudha. Nakualikeni Ijumaa baada ya magharibi, uwanja wa barafu wa Ansab, shughuli ya mwanangu Badr. Njooni na majaketi. Asiyekuja nishamjua."

Nilimuuliza kama nimtayarishie nguo yake ya Ijumaa. Akasema yeye haendi popote. Madaktari wamemtengeneza goti kwa chuma, na chuma kikipata baridi kinaimba usiku kucha. "Mie nishaalika," alisema. "Yatosha." Nami nikaona yatosha. Sikumwambia Bwana Badr, maana nilikuwa nimekatazwa kusema na nilikuwa nimesema.

Ijumaa mechi ilianza saa kumi na moja jioni, dhidi ya timu ya Kuwait. Bwana Koskela alikaa katikati ya jukwaa, na mkononi alikuwa na kidude cha chuma chenye kitufe, ukibonyeza kinaongeza moja. Kabla ya kipindi cha kwanza alijaribu kuhesabu, akapata mia mbili na thelathini na moja. Bwana Badr alikaa kando yake akitabasamu kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Sikuwa na wasiwasi. Baada ya magharibi, nilijiambia. Nikanoa chuma cha mlinda lango, ambacho mwenyewe hukitaka butu kidogo, na nikasubiri.

Magharibi ikaadhiniwa. Kipindi cha pili kikaingia, na hakuna aliyeingia nacho. Tulikuwa nyuma mawili kwa moja. Kipindi kilipokaribia kwisha, Philip alikuja kwenye meza yangu akiwa amevaa glavu zake tayari kwa mashine.

"Shiro, huko nje kuna harusi ya nani?"

"Harusi gani?"

"Sijui, dada. Parking imejaa mpaka kwa raundabauti. Na wamejipulizia, wacha tu, hiyo marashi imepita mlangoni ikaingia mpaka kwa changing room."

Nilitoka mbio. Siwezi kusahau nilichokiona. Magari yalikuwa yamejaa uwanja wote wa maegesho, yamepanda kwenye ukingo wa barabara, yamejaza hadi mbele ya duka la matairi. Yalikuwa mamia. Ndani ya kila gari kulikuwa na wanawake watatu, wanne, sita, na watoto katikati, wote wamevaa nguo za shughuli na juu yake majaketi ya safari za Ulaya, na kwenye mapaja wameshika masinia yaliyofunikwa. Vioo vilikuwa chini kwa ajili ya hewa ya jioni. Walikuwa wakizungumza gari kwa gari, kwa Kiswahili na Kiarabu, na hakuna hata mmoja aliyeshuka.

Bwana Badr naye alikuwa ametoka, nadhani kwa kuifuata harufu. Alisimama mlangoni akayatazama magari, akanitazama mimi, na nikajua kwamba amejua. Lakini hapakuwa na nafasi ya kugomba. Alinyoosha mikono na kuwaita kwa sauti waingie, karibuni, karibuni sana. Alikuwa mwanamume peke yake anawaita wanawake mia saba washuke kwenye magari yao. Vioo vikapanda, kimoja baada ya kingine.

Gari la mbele kabisa lilikuwa jeupe na kubwa, na nyuma ya usukani alikuwa Bi Bakhita. Huyu nilimfahamu vizuri. Yeye na Bi Mahfoudha wanapendana sana na wameshindana miaka thelathini: nani kaleta sinia kubwa, nani kafika mwanzo, nani kaondoka mwisho. Nilienda nikasimama kando ya mlango wake. Alishusha kioo nusu.

"Shiro, mwenye shughuli yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, Bibi."

"Nyumbani." Aligeuka akawaambia waliokaa nyuma. "Yuko nyumbani." Nao wakaguna wote pamoja.

"Ingieni tu, Bibi. Viti viko wazi. Tafadhali."

"Niingie vipi, mwanangu? Mwenyewe hajanipokea. Mie mdoezi?"

Nikaelewa. Kwa watu hawa hakuna anayetangulia kuingia kwenye shughuli kabla ya mwenye shughuli kusimama mlangoni na kumpokea. Ni jambo ambalo hata mtoto wao analijua, na kwa sababu kila mtu analijua, hakuna aliyekuwa amelitaja. Bi Mahfoudha alidhani shughuli ni ya Badr na yeye amemwazima jina tu. Wageni waliliona jina lake, wakaja kwake. Kila mmoja alikuwa amefanya lililo sahihi, na uwanja ulikuwa mtupu.

Nilimpigia simu pale pale. Nilimwambia watu wamekuja. Akasema alhamdulillahi. Nikamwambia hawashuki. Akauliza kwa nini hawashuki, kisha nikasikia televisheni yake ikizimwa.

"Wananingoja mimi," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na Ijumaa sina dereva."

Bi Bakhita alikuwa ameyasikia yote kupitia kile kioo nusu. Alifikiri kidogo, na niliona furaha ikimpanda usoni polepole kama chai inavyopanda rangi. Aliwaambia wa nyuma washuke na masinia yao wahamie gari la jirani.

"Mwambie avae," alisema. "Namfuata mie. Mgeni kumfuata mwenye shughuli nyumbani kwake, haijapata kutokea, na atakuja kuzikwa akiisikia."

Nyumba ya Bi Mahfoudha iko mwendo wa dakika sita, lakini barabara yote ilikuwa imezibwa na wageni wake mwenyewe. Bi Bakhita alipanda ukingo, akapita kwenye bustani ya manispaa, akatoweka. Na ndani, kengele ilikuwa imelia, kipindi cha pili kimekwisha. Mapumziko ni dakika kumi na tano.

Nilikimbia hadi kwenye lango la barafu. Philip alikuwa ameshawasha mashine. Nilimwambia aende polepole.

"Polepole kiasi gani?"

"Kama umebeba mayai."

Hakuuliza zaidi. Aliingia barafuni, na tangu nimjue sijamwona akifanya kazi kwa uangalifu vile. Alizunguka pembeni, akazunguka tena pembeni. Alipofika mbele ya goli la kushoto alisimamisha mashine, akashuka, akainama, akaanza kuziba kitu kwa theluji kutoka kwenye ndoo, akikipapasa kama anampaka mtoto mafuta. Mwamuzi alikuja kumuuliza. Philip akamwonyesha shimo. Baadaye aliniapia kwamba shimo lilikuwepo, na kwamba ukilitafuta shimo kwenye barafu lazima utalipata. Alipomaliza hilo akaenda goli la kulia.

Bwana Koskela alitazama saa. Akatazama viti. Bwana Badr alikuwa amerudi kando yake, na sijui alimwambia nini, ila baadaye nilisikia kwamba alimwambia, tafadhali, mama yangu yuko njiani, na Mfini akajibu kwamba mtu mmoja hatabadilisha hesabu.

Dakika ya ishirini na moja Philip alikuwa amekosa mashimo. Alitoa mashine barafuni. Wachezaji wakatoka, Thabit mbele, wakaanza kuzunguka wapate joto. Mwamuzi alikwenda katikati na kile kisahani cheusi kinachopigwa. Nilikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ndipo nikaona lile gari jeupe likirudi kupitia bustani.

Bi Mahfoudha alishuka akiwa na buibui lake jipya, na juu ya buibui blanketi, na juu ya blanketi jaketi la Bwana Badr la kuchezea theluji, na mkononi chetezo cha udi kinachotoa moshi. Bi Bakhita alimshika mkono. Hawakuwa wakisemezana, maana mmoja alikuwa akicheka na mwingine amekasirika. Alipanda vidato vitatu, akageuka, akasimama mlangoni. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Karibuni."

Milango ya magari ikafunguka yote.

Waliingia kwa nusu kukimbia, wakimbusu mmoja mmoja, na yeye akimtaja kila mtu na mtoto wake na mama yake. Mimi nilishika chetezo. Wakapanda majukwaani na masinia yao, wakajaza upande wa kulia, wakajaza wa kushoto, wakakaa hata kwenye viti vya Wakuwaiti, ambao walisogea kwa adabu na wakapewa katlesi. Harufu ya udi ilijaa hadi mwamuzi akapiga chafya. Alikuwa bado amekishika kisahani. Nafikiri alisahau kukiangusha.

Bwana Koskela alikuwa amesimama. Kidole chake kilikuwa kikibonyeza, kikibonyeza. Bwana Badr hakuthubutu kukitazama kile kidude, alikuwa akitazama dari. Halafu nikaona Mfini akiacha kubonyeza. Alikiangalia, akamwonyesha Bwana Badr, akakitia mfukoni. Mia nane. Na mlangoni Bi Mahfoudha alikuwa bado anapokea watu, na aliendelea kupokea kwa dakika kumi zaidi.

Kipindi cha tatu kama kile hakijawahi kuchezwa duniani. Akina mama hawakujua nani ni nani, wakapiga vigelegele kila mtu alipoanguka, wa kwetu au wa Kuwait, kwa kudhani kuanguka ndio mchezo. Wachezaji wawili walipovua glavu na kukamatana mashati, Bi Mahfoudha aliniuliza mama zao wako wapi. Tulifungwa manne kwa matatu. Timu ilitoka kwa vigelegele vikubwa kuliko vya washindi, na Thabit akaja kuniuliza kama tumeshinda na yeye ndiye hakuelewa.

Baada ya mechi Bwana Koskela alikuja hadi walipokuwa wamekaa Bi Mahfoudha na Bi Bakhita. Alikuwa na sahani ya sambusa mkononi na jaketi lake lilinuka udi. Alizungumza, na Bwana Badr akatafsiri. Alisema amehesabu, na sharti limetimia, na atakwenda kusema hivyo. Lakini yeye ni mtu wa biashara, ni lazima aulize. Leo wamekuja kwa ajili ya mama. Msimu ujao kuna mechi kumi na nne za nyumbani. Mama ataalika mara kumi na nne?

Bwana Badr alipomaliza kutafsiri, uso wake ulikuwa umeanza kurudi kwa daktari wa meno. Mimi nilikuwa nikikusanya masinia, nikasimama.

Bi Mahfoudha alisema haiwezekani. Mtu hawezi kualika watu wale wale mara mbili mfululizo, wao hawajamwalika, watamwona ana shida.

"Ya pili ni yangu," alisema Bi Bakhita.

Bi Mahfoudha akamgeukia.

"Ya kwanza msimu ujao, ni yangu," alisema tena. "Na mie nitakuwepo mlangoni tangu saa kumi. Sitafuatwa nyumbani."

Mwanamke aliyekaa nyuma yao, Bi Maha wa Bawshar, akasema basi inayofuata yake, kwani binti yake amemaliza chuo na alikuwa akitafuta ukumbi. Mwingine akauliza kama kuna siku wanacheza na timu ya Dubai, maana ana wifi Dubai anataka amwone. Bwana Badr alitafsiri kwa haraka, kisha akaacha kutafsiri kwa sababu walikuwa wakisema wote pamoja. Bwana Koskela alitoa kalamu. Kwa nilivyoambiwa, katika ripoti yake aliandika kwamba Maskati tiketi haiuzwi kwa mtu, inauzwa kwa nyumba, na kwamba ligi ingefanya vizuri kulijaribu jambo hilo kwingine. Tajiri wa Manama alipewa nafasi wakati ligi ilipojiongeza tena, akaanzisha timu yake mwenyewe.

Miezi miwili baadaye ratiba ya msimu mpya ilikuja, na ikagawanywa sebuleni kwa Bi Mahfoudha. Mimi nilikuwa na simu na karatasi. Waligombea Kuwait, waligombea Dubai, na Manama wakairushiana kwa sababu ilikuwa siku ya mitihani ya watoto. Saa nzima ikapita. Mechi kumi na tatu zikapata wenyewe. Ya kumi na nne ilikuwa mwishoni kabisa, Jumamosi, dhidi ya timu iliyo chini ya msimamo, na hakuna aliyeitaka.

"Hiyo ya Shiro," alisema Bi Bakhita, akichukua tende.

Nilicheka. Nilidhani ni utani, maana mtu kama mimi hapa anashika chetezo, hashiki mlango. Nikasema mimi sina watu.

"Huna watu?" Bi Mahfoudha aliniangalia juu ya miwani. "Na hao wanaokupigia kila Jumapili ni kina nani? Na yule dereva wa mashine? Hao wa kanisani, hao wa salun, walinzi, yaya wote wa Ansab. Umekwenda kwao walipozaa, hukwenda?"

Nilikwenda. Peninah alipojifungua nilikaa naye siku tatu. Josphat alipofiwa na baba yake tulichanga na kukesha naye. Nikaanza kuwahesabu kichwani nikafika mia na kitu, na nilikuwa bado sijafika mtaa wa Ghala wala wa Al Khuwair.

"Utapika nini?" aliuliza Bi Maha, kana kwamba nimekwisha kukubali.

"Chapati," nilisema. "Na maharagwe ya nazi. Na chai ya maziwa nyingi."

Bi Mahfoudha akaandikisha jina langu mbele ya mechi ya kumi na nne, akanisimamia kuona nimeliandika vizuri. Jioni ile nilimwambia Philip. Akauliza kama anaruhusiwa kuja na kwaya yote ya kanisa, na kama siku hiyo barafu iwe na mashimo au isiwe nayo. Nikamwambia isiwe nayo, mimi nitakuwa mlangoni mapema.

Kisha nikazima mashine ya kunoa, nikafuta vumbi la chuma mezani, nikakaa kwenye kiti cha wachezaji. Nilibonyeza simu kwa kidole changu mwenyewe. Nilianza mara nne nikafuta mara nne, kwa sababu nilikuwa nasema kama Bi Mahfoudha na haikutoka vizuri. Mara ya tano nikasema tu ilivyo.

"Hamjambo nyote. Ni mimi Shiro, yule fundi wa viatu vya barafu. Nawaalika kwangu."